Uganda: Jinsi ya kujaza na kuwasilisha maombi ya matunzo ya mtoto mahakamani

Je, mzazi mwenzako ameacha kumtunza mtoto unayeishi naye? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa haki ya kwenda mahakamani. Maombi ya matunzo hupelekwa katika Mahakama ya Familia na Watoto.

Nani anaweza kuomba?

Mama, baba au mlezi anayeishi na mtoto aliye chini ya miaka 18. Si lazima uwe ulifunga ndoa na mzazi mwenzako. Matunzo ni chakula, mavazi, elimu na mahitaji mengine ya mtoto. Ikiwa mwanaume anakana kuwa mtoto ni wake, omba kwanza mahakama itamke nani ni mzazi.

Uende wapi?

Nenda mahakama ya eneo unakoishi wewe. Ukiwa Nakivale na mzazi mwenzako yuko Kampala, unafungua maombi wilayani Isingiro. Unaweza kuanza kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, ambaye huwaita wazazi wote wawili wazungumze. Mkikubaliana, hakikisheni makubaliano yameandikwa na kila mmoja ana nakala.

Vitu vya kuandaa

- Hati ya familia uliyopewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM)
- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki, kama unayo
- Risiti za shule, dawa na chakula
- Jina kamili la mzazi mwenzako, simu yake, kazi yake na mahali anapopatikana

Usipoandika mahali anapopatikana, hati ya wito inaweza kushindwa kumfikia na kesi ikakwama.

Unapojaza

1. Andika majina kama yalivyo kwenye hati ya OPM, herufi kwa herufi.
2. Eleza lini alianza kuacha kutoa matunzo, na mara ya mwisho alitoa nini.
3. Piga hesabu ya mwezi mmoja: chakula kiasi gani, shule kiasi gani, dawa kiasi gani. Omba kiasi unachoweza kukieleza.
4. Eleza mambo ya mtoto. Matusi na ugomvi wenu wa zamani havisaidii.

Maombi haya hutolewa kwa kiapo. Usiongeze jambo usilolijua, kwa sababu kusema uongo chini ya kiapo ni kosa.

Kama husomi Kiingereza

Lugha ya mahakama za Uganda ni Kiingereza, lakini sheria inakulinda. Mtu asiyeweza kusoma na kuelewa lugha ya hati, hata kama anasoma Kiswahili vizuri, ni lazima asomewe na kuelezwa hati hiyo kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Aliyekuandikia ni lazima aandike juu ya hati jina lake kamili na anwani yake. Akikataa, usiweke dole.

Siku ya kuwasilisha

Beba nakala tatu: ya mahakama, ya mzazi mwenzako na yako. Nakala yako ipigwe muhuri. Andika namba ya kesi mahali salama. Ada ikitakiwa, hulipwa benki au kwa simu kwa namba ya malipo ya serikali, na unabaki na risiti. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi ili "asukume faili".

Siku ya kusikilizwa

Kesi husikilizwa faragha, bila watu wasiohusika. Mwambie karani mapema kwamba unahitaji mkalimani. Hakimu ataangalia mahitaji ya mtoto na uwezo wa wazazi.

Kama unaogopa kupigwa

Usimpelekee mzazi mwenzako karatasi wewe mwenyewe. Waambie polisi au karani. Kwa Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010, unaweza pia kuomba mahakama ikupe amri ya ulinzi.