Hoja za Mtu Aliyeshitakiwa kwa Kuvunja Mkataba

Himdi zote Anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam).

Aya ya kwanza ya Suratul-Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Hiyo ndiyo asili. Hata hivyo, si kila anayeshitakiwa huwa amekosa. Zipo hoja zinazoondoa dai, na zipo zinazompa mtu muda tu. Tunazitaja kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani kwetu.

1. Mkataba haukusihi tangu mwanzo

Kwa Mashafi, bai ya mtoto asiyebaleghe au ya mwenye wazimu haisihi. Vivyo hivyo ya aliyelazimishwa bila ya haki, kwani Suratun-Nisaa aya ya 29 imeshurutisha kuridhiana. Mtume pia amekataza kuuza matunda mtini kabla hayajaanza kupevuka. Wanavyuoni wamejuzisha ikiwa ni kwa sharti ya kuyakata hapo hapo.

Katika riba, ziada ndiyo isiyodaiwa. Aliyekopa shilingi 1,000,000 kwa sharti ya kurudisha 1,300,000, ile 300,000 si haki ya mkopeshaji, lakini 1,000,000 inabaki kuwa deni shingoni.

2. Aibu ya kitu

Umenunua mashine ya boti, kisha ukagundua ilikuwa mbovu kabla hujakabidhiwa. Unayo haki ya kuirudisha na kudai fedha zako. Lakini fanya haraka: ukiendelea kuitumia baada ya kujua, haki hiyo inaondoka.

3. Janga

Maembe yamepevuka, yameuzwa mtini, kisha upepo ukayaangusha. Katika hadithi ya Jabir iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume amemkataza muuzaji kuchukua mali ya ndugu yake katika hali hiyo. Imam Ahmad amelichukulia hilo kuwa ni wajibu, na Imam Malik amewajibisha kupunguza bei hasara ikifika theluthi. Imam Shafi, katika kauli yake ya mwisho, ameona kuwa mnunuzi akishakabidhiwa hasara ni yake, na muuzaji kumsamehe ni sunna.

4. Kukosa uwezo

Ufukara haufuti deni. Suratul-Baqara aya ya 280 inaamrisha mwenye dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi. Ama mwenye nacho anayezungusha watu, Mtume amesema huo ni dhulma.

Nani alete ushahidi?

Anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na anayekanusha huapa. Wengi huteleza hapa: ukikiri mkataba kisha ukasema "nimeshalipa" au "nililazimishwa", sasa wewe ndiye mdai, na ushahidi ni juu yako. Ndiyo maana aya ya 282 ya Suratul-Baqara imetuelekeza kuandika na kushuhudisha.

Ukiitwa mahakamani

Mahakama za Kadhi za Zanzibar husikiliza mambo kama ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Kesi ya mkataba wa biashara huenda mahakama za kawaida, na huko nako umri, kulazimishwa na udanganyifu ni hoja zinazosikilizwa. Usiidharau samansi. Jibu ndani ya muda uliopewa, kwani ukinyamaza hukumu inaweza kutolewa upande mmoja, ukapoteza shamba au nyumba ya watoto wako hali ya kuwa hoja unayo.

Kabla ya kufika huko, jaribuni sulhu mbele ya wazee. Na aliyeshinda kwa kiapo cha uongo ajue kuwa deni linamsubiri Akhera.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.