Kadi za Rafiki wa Kalamu

Kadi ya posta ni barua isiyo na bahasha. Ilianza Austria tarehe 1 Oktoba 1869, na mkataba wa posta uliotiwa saini Bern mwaka 1874 ukaifungulia njia ya kuvuka mipaka ya nchi. Kwetu, Wajerumani walifungua posta Dar es Salaam mwaka 1890, na haukupita muda mrefu picha za pwani hii zikaanza safari ya kwenda Ulaya. Wapiga picha kama A. C. Gomes wa Unguja na Walther Dobbertin wa Dar es Salaam walifanya biashara ya kadi hizo. Aghalabu chini ya picha paliandikwa jina la kabila tu. Jina la mtu halimo. Mzaramo alikwenda Ulaya kwa sura yake, wala hapana aliyemtaka jibu.

Majibu yalikuja baadaye, kwa mikono ya wajukuu, na yalipitia shuleni. Wilaya ya Kisarawe ilikuwa na Minaki, ambako Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamia mwaka 1925 kutoka Kiungani, Unguja. Kibaha nayo, kuanzia mwaka 1963, ilipokea mradi wa Uswidi, Norwe, Denmark na Ufini, wenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, hata mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Tanzania. Katika Ufini hiyohiyo, mjini Turku, International Youth Service ilifanya kazi tangu 1952 hadi 2008 ya kuwapatia wanafunzi wa nchi mbalimbali majina na anwani za wenzao.

Kadi haikuletwa nyumbani. Ilingojea katika sanduku la posta la shule, nayo, kwa kuwa haina kifuniko, ilisomwa na karani, mwalimu, kiranja na nusu ya darasa. Mwenyewe alikuwa msomaji wa mwisho.

Mzee mmoja wa Kisarawe alinionyesha yake: sungura mwenye pembe za paa. Aliniambia kwamba darasa liligawanyika. Mwalimu alikana kuwa mnyama huyo yupo. Wanafunzi walishikilia kwamba picha haiwezi kusema uongo. Kumbe uongo huo una historia yake. Kuanzia mwaka 1908 hivi, W. H. Martin, mpiga picha wa Ottawa, Kansas, alikuwa akikata picha, akizibandika pamoja, kisha akizipiga upya, hata hindi moja likajaza gari zima. Sungura mwenye pembe alipata umaarufu tangu miaka ya 1930 katika mji wa Douglas, Wyoming, kama mzaha wa kuwachekea wageni. Lakini mtoto wa Kisarawe hakuwa mgeni wa mzaha huo. Alikwisha kusikia kwa bibi yake jinsi sungura alivyojipachika pembe za nta ili aingie karamu ya wenye pembe, na jua likamuumbua.

Naye alirudisha nini? Dukani mjini palikuwa na simba, Mmasai na mkuki wake, na Kilimanjaro. Yeye alikulia penye mikorosho na mihogo. Mlima ule aliuona katika kadi hiyohiyo aliyoinunua. Kwa hiyo marafiki hawa wawili walipelekeana sungura wenye pembe, kila mmoja akiamini kwamba ampa mwenziwe nchi yake.

Wakusanyaji wa kadi hutazama picha na stempu, na bei huipima humo. Mimi naona hazina iko upande wa pili, penye mwandiko, nasi wanahistoria tumeuacha. Kadi hizo zimo katika masanduku ya bati ya wazee, na mchwa hawangojei idara zetu zipate fedha. Nyuma ya ile ya sungura, kwa penseli iliyofifia, mtoto wa Marekani anauliza kama Kisarawe hunyesha mvua, na mbwa wa huko huitwa majina gani.