Kwa nini simu husema jua huku mitaa ya Eastlands ikifurika

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Pumwani na Shauri Moyo hadi Umoja, Kayole na Embakasi, swali la iwapo mvua itanyesha si la kupitishia wakati. Mchuuzi wa mitumba katika soko la Gikomba, lililo kando ya Mto Nairobi, hulazimika kuamua alfajiri iwapo atafungua marobota yake au atayaacha chini ya turubai. Fundi wa jua kali kule Kamukunji hana paa la kutegemea. Mwanamke anayefua nguo za watu Buruburu hulipwa kwa siku, na nguo zisipokauka ujira wa kesho huwa mashakani.

Wengi wao sasa hutazama simu kabla ya kutazama mawingu. Malalamishi juu ya programu za utabiri wa hali ya anga nayo hurudi kila msimu wa masika na wa vuli: ilionyesha jua ikanyesha; ilionyesha mvua likawa vumbi; na tangu iletewe toleo jipya imezidi kuharibika. Malalamishi hayo yana msingi, ila mara nyingi humwangukia asiyehusika. Aliyetengeneza programu ana makosa yake, lakini kosa kubwa zaidi limo katika kile ambacho programu hiyo haikuundwa kukijua hata kidogo.

HABARI HUTOKA WAPI

Simu yenyewe haipimi mvua. Inachofanya ni kutuma mahali ilipo kwa mitambo ya kampuni husika na kurudishiwa tarakimu, ambazo hugeuzwa kuwa picha ya jua, wingu au matone. Tarakimu hizo, licha ya wingi wa programu zilizopo, hutokana na vyanzo vichache mno. Viwili vinavyotumiwa zaidi ni Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Anga (ECMWF), kilichoundwa mwaka wa 1975 na ambacho makao yake makuu yako Reading, Uingereza, na mfumo wa serikali ya Marekani ujulikanao kama GFS.

Mifumo hiyo huigawa dunia kwa miraba na kukokotoa hali ya anga ya kila mraba kwa kompyuta kubwa. Mraba wa Ulaya, tangu mwaka wa 2016, una upana wa kilomita 9 hivi. Ule wa GFS karibu kilomita 13. Mraba mmoja wa kilomita 9 waweza kuimeza Gikomba, Makadara, Buruburu na Umoja kwa mpigo. Hivyo basi, mkazi wa Umoja anayeona jina la mtaa wake kwenye kioo cha simu hudhani ametabiriwa yeye, ilhali ameonyeshwa wastani wa eneo zima, au makadirio yaliyopatikana kwa kulinganisha miraba jirani.

Jambo hili halina madhara makubwa huko Ulaya, ambako mvua nyingi huletwa na mikanda ya mawingu yenye urefu wa mamia ya kilomita, inayoweza kuonekana ikija siku kadhaa kabla. Mvua ya Nairobi kwa kawaida huwa ya namna nyingine. Jua huchoma ardhi tangu asubuhi, hewa yenye unyevu hupanda, na alasiri au jioni wingu hujijenga na kumwaga maji yote mahali padogo. Donholm hulowa na Jericho ikabaki kavu. Wingu la upana wa kilomita tatu au nne halionekani kamwe katika mraba wa kilomita 9; kompyuta hulikisia tu. Ndiyo sababu programu inayosifiwa na mtu aliye London yaweza kumwaibisha jamaa yake aliye Kariobangi, ingawa wote wawili wana toleo lilelile.

Aidha, mifumo hiyo mikuu huanza hesabu mpya mara nne tu kwa siku. Kwa saa za Afrika Mashariki, hesabu hizo huanzia vipimo vya saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku, na matokeo huchukua saa kadhaa kuwafikia watumiaji. Kuburuta kioo mara kumi ili kupata habari mpya, kwa hivyo, aghalabu ni kusoma barua ileile mara kumi.

Vipo pia vipimo vya papa hapa. Idara ya Hali ya Anga nchini (KMD), yenye makao yake Dagoretti Corner, ina vituo vinavyojulikana jijini: hapo Dagoretti, uwanja wa ndege wa Wilson, uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), na kambi ya jeshi la anga ya Moi kule Eastleigh. Joto la "sasa hivi" linaloonyeshwa na programu nyingi za kigeni hutoka kwenye viwanja vya ndege au ni la kukokotolewa. Kwa maelfu wanaoishi chini ya mabati Mukuru au Korogocho, joto la ndani ya nyumba ni habari tofauti kabisa.

Upungufu ulio mkubwa zaidi ni wa rada, chombo kinachoona matone yakiwa bado angani. Takwimu zilizonukuliwa sana mwaka wa 2023 zilionyesha kwamba bara zima la Afrika lilikuwa na vituo 37 vya rada za hali ya anga, ikilinganishwa na 345 vya Ulaya na 291 vya Amerika Kaskazini. Programu inayoahidi kusema mvua itaanza baada ya dakika ngapi hutegemea rada, na pasipo rada ahadi hiyo ni pambo.

TOLEO JIPYA, MAMBO YALE YALE

Mfano mzuri ni ule wa Dark Sky, programu ya Marekani iliyoanzishwa kwa michango ya umma mwaka wa 2011 na kutolewa mwaka wa 2012. Ilipata sifa kwa kuwaarifu watu kwamba mvua ingewafikia baada ya dakika chache. Ilifaulu kwa kuwa nchi ilimozaliwa ina rada kila upande. Mnamo Machi 2020 ilinunuliwa na kampuni ya Apple. Waliokuwa wakiitumia kwa simu za Android walifungiwa tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, na kufikia Januari 1, 2023, programu yenyewe ikazimwa, baadhi ya uwezo wake ukiwa umehamishiwa katika programu ya hali ya anga ya Apple. Walalamishi walikuwa wengi, lakini hakuna aliyekuwa amewaahidi kwamba chombo walichokizoea kingeendelea kuwapo.

Mabadiliko yanayoletwa na matoleo mapya ni ya aina mbalimbali, na ni vyema kuyatenga. Yapo yanayorekebisha hitilafu: programu inayojifunga yenyewe, arifa zisizofika, mji unaopotea kwenye orodha. Yapo ya sura na biashara: rangi mpya, matangazo zaidi, na huduma iliyokuwa ya bure kuhamishiwa kwa wanaolipa. Mwisho yapo ya kubadilisha chanzo cha takwimu. Ni haya tu yanayoweza kuufanya utabiri wenyewe kuwa bora au mbaya zaidi, na ndiyo yasiyoelezwa. Maelezo yanayoambatana na toleo jipya husema kwa kawaida kwamba kumekuwa na marekebisho madogo na maboresho ya utendakazi, maneno ambayo yangeweza kuandikwa juu ya programu ya kuhesabu kuku.

Kwa mtumiaji wa Dandora mwenye simu ya zamani na kifurushi cha data cha siku moja, toleo jipya laweza kuwa hasara tupu. Programu huwa nzito zaidi, hula data zaidi kwa ajili ya picha zinazosogea, na hatimaye hukataa kabisa kufanya kazi kwenye mtambo wa miaka iliyopita.

Kuna pia suala la siri za mtu. Programu hizi huomba kujua mtumiaji alipo kila wakati, na si kwa utabiri pekee. Mwaka wa 2017 watafiti walibaini kwamba programu ya AccuWeather ilikuwa ikituma habari zinazoweza kumtambulisha mtumiaji mahali alipo kwa kampuni nyingine, hata alipokuwa amekataa kutoa ruhusa. Kampuni hiyo ililazimika kutoa toleo la kurekebisha hali. Mnamo Januari 2019 mwanasheria wa jiji la Los Angeles aliishtaki kampuni iliyomiliki programu ya The Weather Channel kwa madai ya kutowaeleza watumiaji matumizi ya habari za mahali walipo, kesi iliyomalizwa kwa maafikiano mwaka wa 2020. Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka wa 2019. Hata bila sheria, mtumiaji anaweza kuinyima programu ruhusa hiyo na kuandika tu jina la mtaa au jiji. Kwa miraba iliyotajwa hapo juu, hatapoteza chochote.

ASILIMIA 40 NI NINI?

Kutoelewana kwingine hutokana na asilimia. Programu ikisema uwezekano wa mvua ni asilimia 40, wengi husoma kwamba haitanyesha, kwa kuwa nambari iko chini ya nusu. Wengine hudhani itanyesha kwa asilimia 40 ya siku. Maana yake ni kwamba katika siku 10 zenye hali kama hiyo, mvua huonekana mahali hapo kwa siku 4 hivi. Haisemi itakuwa manyunyu au gharika. Mwenye kuuza mahindi ya kuchoma anaweza kuibahatisha nambari hiyo. Mwenye gunia la saruji nje hapaswi.

KMD yenyewe hutumia maneno badala ya nambari, na maneno hayo yana vipimo. Mvua katika "sehemu chache" ni chini ya asilimia 33 ya eneo. "Sehemu kadhaa" ni kati ya 33 na 66. "Sehemu nyingi" ni zaidi ya 66. Anayejua hivyo husoma taarifa ya idara kwa jicho jingine. Tatizo ni kwamba wengi hawakuambiwa. Kati ya mwaka wa 2018 na 2020, mradi uliojulikana kama DARAJA ulijaribu kuziba pengo hilo katika mitaa duni ya Nairobi, hasa Kibera, na ya Dar es Salaam, kwa kuziandika upya taarifa za idara za hali ya anga kwa lugha nyepesi na kuzipitisha kwa redio za mitaa na viongozi wa jamii. Upande wa Eastlands nao una redio za aina hiyo, zikiwemo Koch FM ya Korogocho na Ruben FM ya Mukuru.

MAJI YATOKAYO MBALI

Hata hivyo, utabiri wa mvua ungekuwa sahihi kila siku, Eastlands bado ingeshtukizwa na mafuriko. Sababu iko katika ramani. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Mto Mathare na Mto Ngong nayo hutoka upande wa magharibi, uliko mwinuko na mvua nyingi zaidi. Kituo cha Dagoretti kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. JKIA iko takriban mita 1,620. Maji yote ya jiji huteremka kuelekea mashariki, yakipita Gikomba, Mathare, Korogocho, Dandora na Mukuru, mahali ambapo kingo zimejengwa na mifereji kuzibwa kwa taka. Sehemu kubwa ya mashariki ina udongo mweusi wa mfinyanzi, usionywa maji upesi ukishalowa.

Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024, mvua kubwa ilinyesha jijini na Mto Mathare ukavunja kingo, ukaingia nyumbani watu wakiwa wamelala. Baadhi walipanda juu ya mapaa. Nchini kote, mafuriko ya msimu huo wa masika yaliua zaidi ya watu 280, na kufikia Mei serikali ilikuwa ikibomoa nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito katika mitaa ya Mathare na Mukuru. Utabiri wa msimu wa KMD ulikuwa umetaja mvua ya wastani au kupita wastani kwa nyanda za juu za mashariki ya Bonde la Ufa, Nairobi ikiwemo. Lakini kati ya taarifa ya miezi mitatu na alama ya wingu kwenye simu, hapakuwa na kitu cha kumwambia mkazi wa ukingoni kwamba mto umepanda, naye ana saa moja ya kuondoka. Kwa hilo vinahitajika vipimo vya kina cha maji mitoni na mtu wa kupuliza king'ora, na hakuna toleo jipya la programu linaloweza kuvileta.

Maendeleo yapo. Mwishoni mwa Machi 2025 kampuni ya Google ilitangaza utabiri wa mvua wa saa 12 zijazo kwa Afrika nzima, unaopatikana kwa kutafuta habari za hali ya anga kwenye simu, ukitumia picha za setelaiti na akili bandia badala ya rada. Miraba yake ni ya kilomita 5 na huonyesha mabadiliko ya kila dakika 15. ECMWF nayo ilianza rasmi kutumia mfumo wake wa akili bandia mwezi Februari mwaka huohuo, ingawa miraba ya mfumo huo ilikuwa mipana zaidi, karibu kilomita 30. Huduma ya Google yaweza kumfaa mchuuzi wa Gikomba kuliko chochote alichokuwa nacho awali. Lakini hiyo nayo hutabiri mvua, si mto.

Kwa sasa, anayeishi au kufanya kazi bondeni anaweza kuitumia programu aliyonayo kwa namna ambayo waundaji wake hawakuifikiria. Nyingi huruhusu orodha ya miji kadhaa. Chini ya Nairobi, mtumiaji aongeze Kikuyu na Limuru. Mvua kubwa ikionyeshwa huko jioni, nayo KMD ikiwa imetoa tahadhari, bidhaa za Gikomba huinuliwa juu ya meza hata kama anga ya Eastlands ina nyota.