Gari Jipya Linaposumbua Injini Mara kwa Mara: Haki za Mnunuzi na Hatua za Kufuata

MWANZA – Katika Kata ya Kirumba, Manispaa ya Ilemela, gari ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha starehe. Kuanzia Mwaloni, unakopokelewa dagaa na sangara wa Ziwa Victoria, hadi maduka ya katikati ya Jiji la Mwanza, siku ambayo gari limelala gereji ni siku ya biashara iliyopotea. Hasara huwa kubwa zaidi pale gari hilo linapokuwa limenunuliwa miezi michache tu iliyopita, pengine kwa mkopo ambao marejesho yake hayasubiri fundi amalize kazi.

Wanunuzi wengi wanaokutwa na hali hiyo huendelea kurudi gereji mara ya pili, ya tatu na ya nne kwa tatizo lilelile, wakiamini kuwa subira ndiyo njia pekee. Sheria za Tanzania zinampa mnunuzi haki katika jambo hili. Hata hivyo, haki hizo zinategemea kumbukumbu anazotunza na kasi anayoonesha katika kutoa taarifa kwa muuzaji.

Maana ya gari jipya

Katika matumizi ya kawaida, neno "gari jipya" hubeba maana tatu tofauti. Ya kwanza ni gari ambalo halijawahi kutumika, lililonunuliwa kwa wakala wa mtengenezaji na kuambatana na dhamana ya maandishi. Dhamana hiyo hutaja muda au idadi ya kilomita, kutegemea kipi kitatangulia, pamoja na masharti ya matengenezo ya vipindi.

Maana ya pili ni gari lililotumika nje ya nchi, hususan Japan, ambalo limesajiliwa kwa mara ya kwanza nchini. Gari hilo ni jipya kwa mmiliki na kwa namba za usajili, lakini injini yake ina historia. Dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida haimfuati mnunuzi wa hapa nchini, hivyo ahadi yoyote ya muuzaji inapaswa kuandikwa katika mkataba.

Maana ya tatu ni gari lenye umri mdogo lililonunuliwa kutoka kwa mtu binafsi ambaye si mfanyabiashara wa magari. Hapa ulinzi wa sheria ni mwembamba zaidi, na ukaguzi kabla ya kulipa ndio kinga kubwa ya mnunuzi.

Kwa nini tatizo hurudi

Injini za kisasa husimamiwa na kompyuta inayopokea taarifa kutoka kwa vihisio vingi. Kompyuta inapobaini hitilafu huwasha taa ya injini kwenye dashibodi na kuhifadhi namba ya hitilafu hiyo. Kwa mfano, namba P0300 huashiria kuwa mitungi ya injini haichomi mafuta ipasavyo, na P0420 huashiria kushuka kwa ufanisi wa kifaa cha kusafisha moshi.

Namba hiyo huonesha eneo la kuchunguza. Haitaji moja kwa moja kipuri kilichoharibika. Fundi anayefuta namba kwa mashine bila kutafuta chanzo huzima taa tu. Baada ya safari kadhaa kompyuta hurudia vipimo vyake na taa huwaka tena. Ndiyo sababu mwenye gari anaweza kubadilishiwa plagi, koili na pampu ya mafuta kwa mfululizo, akalipia vyote, na tatizo likabaki palepale.

Chanzo cha pili ni mafuta. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japan yalikusudiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni, ilhali kiwango cha dizeli kilichokubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2015 ni sehemu 50 katika milioni. Mafuta yaliyoingiwa na maji au kuchanganywa na mafuta ya taa huleta madhara makubwa zaidi, hasa kwa nozeli na pampu.

Chanzo cha tatu ni namna gari linavyotumika. Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi, nalo hujisafisha pale injini inapofanya kazi kwa joto la kutosha kwa muda. Gari linalokwenda Kirumba hadi mjini na kurudi kila siku, kwa safari za dakika chache na foleni, huenda lisifikie hali hiyo. Chujio huziba, nguvu hupungua na taa huwaka. Kubadilisha vipuri vingine hakutaondoa tatizo hilo.

Chanzo cha nne ni kasoro ya kiwandani. Mwaka 2020 Toyota ilitangaza kuyaita upya magari takribani milioni 5.8 duniani kwa sababu pampu ya mafuta ingeweza kushindwa kufanya kazi na injini kuzimika gari likiwa barabarani. Gari lililosafirishwa kutoka nchi moja hadi nyingine linaweza kufika kwa mmiliki mpya bila kufanyiwa marekebisho ya aina hiyo. Kwa sababu hiyo, mwenye gari anashauriwa kutumia namba ya chesesi kuuliza kwa wakala wa mtengenezaji au katika tovuti rasmi ya mtengenezaji iwapo gari lake limo katika orodha.

Sheria inasema nini

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba hata kama hayakuandikwa. Muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina husika anawajibika kuuza bidhaa yenye ubora unaostahili. Aidha, mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa gari lililotumika, ubora hupimwa kwa kuzingatia umri, bei na maelezo yaliyotolewa. Hautarajiwi kuwa sawa na wa gari lililotoka kiwandani.

Mnunuzi aliyelikagua gari kabla ya kununua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuibaini. Kasoro iliyofichika ndani ya injini, ambayo haikuweza kuonekana kwa ukaguzi wa kawaida, inabaki kuwa msingi wa madai.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Kurudisha nyuma kilomita za gari au kudai kuwa injini haijawahi kufunguliwa wakati imefunguliwa ni mifano ya mwenendo huo. Maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani au kuchapwa kwenye risiti hayamwondolei muuzaji wajibu aliopewa na sheria kwa mlaji.

Zipo nchi zilizotunga sheria mahususi kwa magari ya aina hii. Jimbo la Connecticut nchini Marekani lilifanya hivyo mwaka 1982, na Uingereza, kupitia sheria ya mwaka 2015, inampa mlaji siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro. Nchini Tanzania, madai ya gari husimamia sheria za jumla zilizotajwa hapo juu.

Muda ni sehemu ya haki

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa ni kwamba haki ya kurudisha gari haidumu. Mnunuzi anayebaki na bidhaa kwa zaidi ya muda unaofaa bila kumjulisha muuzaji kwamba anaikataa, huhesabiwa kuwa ameikubali. Baada ya hapo anaweza kudai fidia, lakini kwa kawaida hawezi tena kulirudisha gari na kudai bei yote aliyolipa. Madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka sita kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Lakini muda wa kukataa gari ni mfupi zaidi.

Hatua za kuchukua

Kwanza ni usalama. Taa nyekundu ya shinikizo la oili inapowaka, gari lisimamishwe mahali salama na injini izimwe mara moja. Joto la injini likipanda kupita kiasi, mfuniko wa rejeta usifunguliwe kabla injini haijapoa. Taa ya injini inayowaka na kuzima mfululizo ni ishara ya kuacha kuendesha hadi gari lichunguzwe.

Pili, mnunuzi amjulishe muuzaji kwa maandishi mara tatizo linapojitokeza, akitaja tarehe, kilomita zilizosomeka na dalili zilizoonekana. Simu pekee haitoshi, kwa kuwa ni vigumu kuthibitisha kilichosemwa.

Tatu, asiruhusu injini kufunguliwa katika gereji nyingine kabla muuzaji hajapewa nafasi ya kuikagua. Injini iliyofunguliwa humpa muuzaji hoja kwamba kasoro ilisababishwa na fundi huyo.

Nne, kila ziara ya gereji iwe na karatasi inayoonesha namba za hitilafu zilizosomwa, kazi iliyofanyika na vipuri vilivyobadilishwa. Karatasi tatu zenye tatizo lilelile ni ushahidi mzito kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Tano, tatizo linaporudi baada ya matengenezo, mnunuzi aandike barua ya madai ikieleza anachotaka, iwe ni kurudisha gari, kubadilishiwa injini au kulipwa fidia, na kuweka siku ya mwisho ya kujibiwa. Kusitisha marejesho ya mkopo hakushauriwi, kwa kuwa mkataba na benki ni tofauti na mkataba na muuzaji. Vilevile, bima kubwa hulipia ajali na wizi, na kwa kawaida haigusi hitilafu za ndani ya injini.

Pa kupeleka malalamiko

Malalamiko ya kupotoshwa au kuuziwa gari lisilolingana na maelezo hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Masuala ya viwango na ubora wa bidhaa hushughulikiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwenye gari anayeshuku mafuta anapaswa kuacha kuwasha injini, kutunza risiti ya kituo na kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). TBS na EWURA zina ofisi za kanda jijini Mwanza.

Mazungumzo yakishindikana, mahakama ndiyo njia inayofuata. Madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30 yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na yanayozidi hapo, hadi shilingi milioni 200, Mahakama ya Wilaya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anashauriwa kwenda na fundi asiye na uhusiano na muuzaji, kuomba gari liwashwe injini ikiwa bado baridi, na kusoma namba za hitilafu kwa mashine kabla ya malipo. Kwa magari yaliyotoka Japan, kilomita zilizoandikwa kwenye cheti cha kusafirisha gari nje zilinganishwe na zinazosomeka kwenye dashibodi. Mkataba utaje namba ya chesesi na ya injini, ahadi zote za muuzaji ziandikwe, na risiti ya EFD ioneshe bei halisi iliyolipwa.

Risiti inayoonesha bei ndogo kuliko iliyolipwa huikosesha Serikali mapato. Siku injini itakapokufa, itamkosesha pia mnunuzi uthibitisho wa fedha anazodai.