Mtoto wa jicho kwa mwenye uvimbe wa ndani ya jicho: kwa nini upasuaji husubiri

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia kwenye lensi, sehemu angavu iliyo nyuma ya mboni. Wengi huupata kwa uzee. Lakini wapo vijana, hata watoto, wanaoupata kwa sababu jicho limekuwa likivimba ndani mara kwa mara. Maradhi hayo huitwa uveitisi.

Jicho huwa jekundu, huuma, huumizwa na mwanga na huona ukungu. Kifua kikuu, kaswende na baadhi ya maradhi ya viungo huweza kuyaleta; mara nyingi chanzo hakionekani. Uvimbe huo huharibu lensi, na dawa za steroidi zinazoutuliza, zikitumika muda mrefu, nazo huchangia.

Kwa nini daktari anakwambia usubiri?

Jicho likipasuliwa kabla halijatulia, uvimbe unaweza kurudi kwa nguvu. Kwa kawaida madaktari hutaka litulie angalau miezi 3, kisha huongeza steroidi kabla na baada ya upasuaji. Kusubiri huko si kupuuzwa. Ni sehemu ya matibabu.

Je, utaona?

Wengi huona vizuri zaidi kuliko kabla. Hata hivyo, si wote wanaofikia uoni wa mtu aliyekuwa na mtoto wa jicho pekee. Retina inaweza kujaa maji, presha ya jicho ikapanda, au utando ukajitokeza nyuma ya lensi bandia. Utando hufunguliwa kwa leza. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishaharibiwa na presha, haurudi.

Ufanye nini?

Ukiwa Mwanakwerekwe au shamba, anzia kituo cha afya kilicho karibu na uulizie rufaa ya kliniki ya macho, Hospitali ya Mnazi Mmoja. Mwambie daktari jicho limewahi kuwa jekundu mara ngapi, na chukua chupa za dawa ulizotumia.

Usiache matone ghafla kwa sababu maumivu yameisha. Wala usinunue matone ya steroidi dukani bila kupimwa: yanaweza kupandisha presha ya jicho nawe usihisi kitu.

Baada ya upasuaji, jicho likiwa jekundu, likiuma au uoni ukipungua, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kadi.