Kadi zilipokuwa bubu

Kama una kompyuta yenye Linux, fungua terminali uandike lspci -nn. Utaona orodha: kadi ya picha, ya mtandao, ya sauti, na kwenye kila mstari kuna jozi ya namba ndani ya mabano. Jozi ikianza na 8086, hicho kifaa ni cha Intel. Ni namba ileile ya chipu yao maarufu ya mwaka 1978.

Orodha hiyo leo ni kitu cha kawaida kabisa. Lakini mtu aliyeanza na Linux mwaka 1991 asingeipata kwenye PC yake ya kawaida, hata kama angekuwa na programu ya kuiomba, maana kadi zenyewe zilikuwa bubu. Hazikuwa na njia ya kusema "mimi ni fulani". Basi tuone zilifundishwaje kusema, na kwa nini watu wa Linux na BSD ndio waliohangaika zaidi wakati zikiwa bado kimya.

Kengele zisizotosha

IBM ilitoa PC yake Agosti 1981 ikiwa na matundu 5 ya kuongezea kadi. Kila kadi ilihitaji anwani, yaani mahali ambapo prosesa itaipelekea na kuichukulia data, kama namba ya nyumba. Kadi nyingi zilihitaji pia kengele. Fikiria kadi ya mtandao imepokea ujumbe: haiwezi kukaa ikisubiri prosesa ikumbuke kuja kuichungulia. Inapiga kengele, prosesa inaacha inachofanya na kuja kuihudumia. Kengele hiyo ndiyo inayoitwa IRQ.

PC ya kwanza ilikuwa na nyaya 8 za kengele. PC/AT ya mwaka 1984 ikafikisha 16, ila moja ilitumika kuunganisha chipu mbili zinazosimamia kengele, kwa hiyo zikabaki 15. Sasa toa ya saa ya mfumo, ya kibodi, ya flopi, ya diski kuu, mbili za porti za siriali, ya printa... Zilizobaki ni za kugombania.

Nani alizigawa? Wewe mwenyewe, kwa mkono. Kwenye kadi kulikuwa na safu za pini, na juu ya pini mbili unachomeka jampa, kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani. Jampa ikikaa hapa, kengele ni 5; ukiisogeza pale, inakuwa 7. Ukipoteza karatasi ya maelezo iliyokuja na kadi, kazi unayo.

Na kosa lilikuwa na gharama. Kwenye matundu haya, yaliyokuja kuitwa ISA, kengele ilihesabiwa ule wakati tu umeme unapopanda kwenye waya. Kadi mbili zikichangia waya mmoja, mlio wa pili ungeweza kupotea bila mtu kujua. Kadi za mwanzo za Sound Blaster zilitoka kiwandani zikiwa kwenye IRQ 7, ambayo ndiyo ya printa. Matatizo ya namna hii hayakuleta ujumbe wowote wa kosa. Kitu kiligoma tu.

Kupapasa gizani

Kiini cha Linux kilijaribu kuzitafuta kadi kwa kupapasa: kinasoma anwani fulani, kinaangalia kama jibu linafanana na la kadi inayojulikana. Shida ni kwamba kwa baadhi ya kadi, kuisoma tu anwani ni sawa na kubonyeza kitufe. Kadi za mtandao za aina ya NE2000 mara nyingi zilikaa kwenye anwani 0x300, na programu iliyokuwa ikitafuta kifaa kingine ikiligusa eneo hilo, kompyuta nzima ingeweza kuganda.

Ndiyo maana watumiaji walijifunza kuandika maneno kama ether=5,0x300,eth0 wakati wa kuwasha. Maana yake: usipapase, kadi yangu ya mtandao ina kengele 5, iko 0x300. Kulikuwa na reserve= pia, ya kukiambia kiini kisiguse eneo fulani. Kwenye FreeBSD, namba hizo ziliandikwa kwenye faili la mipangilio ya kiini.

Kisha zikaja kadi zisizo na jampa. Mipangilio ikahifadhiwa ndani ya chipu ya kadi, na ukitaka kuibadilisha unatumia programu iliyokuja kwenye flopi. Programu hiyo ilikuwa ya DOS! Mtu aliyekimbilia Linux ilimbidi awashe DOS kwanza, apange kadi, ndipo arudi.

Donald Becker, aliyekuwa kituo cha Goddard cha NASA, aliandika programu nyingi za kuendesha kadi za mtandao kwenye Linux, na vijiprogramu vya kuzipanga kadi bila kupitia DOS. Haikuwa michezo. Mwaka 1994 yeye na Thomas Sterling waliunganisha PC 16 za kawaida zikafanya kazi kama kompyuta moja kubwa, wakaiita Beowulf. Kompyuta ya bei nafuu kwa ajili ya sayansi ilitegemea kadi rahisi kuitikia Linux.

Uitaji wa majina

IBM ilijaribu kulitatua jambo hili mwaka 1987 kwa mfumo wa Micro Channel, ambao kadi zake zilikuwa na namba ya utambulisho. Lakini watengenezaji wengine walitakiwa kulipia leseni, na wengi wakabaki na ISA.

Mwaka 1993 Intel na Microsoft wakatangaza kanuni za kadi za ISA zinazojipanga, zikiitwa "chomeka utumie". Wenye utani wakageuza: chomeka uombe! Hata hivyo mbinu ya ndani ni ya kupendeza. Kila kadi ina namba yake ndefu ya biti. Kompyuta inaziuliza zote kwa pamoja, biti moja moja. Mwenye 1 anajibu. Mwenye 0 ananyamaza na kusikiliza, na akisikia mwingine amejibu, anajitoa. Mwishoni inabaki kadi moja, inapewa namba, kisha zilizojitoa zinaanza upya. Kanuni hizo zilikuwa hadharani, hivyo Linux ikapata isapnptools: pnpdump inaandika orodha ya kadi na machaguo yake, wewe unahariri faili, isapnp inatekeleza. Kiini chenyewe kilianza kuifanya kazi hiyo kwenye toleo 2.4, Januari 2001, ISA ikiwa inaaga.

Iliyoshinda ni PCI, iliyoanzia Intel mwaka 1992. Hapa kila kadi inaulizwa peke yake, na ina baiti 256 za kujieleza: nani ameitengeneza, ni ya aina gani, inahitaji nafasi kiasi gani. Kengele nayo inaendelea kulia mpaka mwenyewe ahudumiwe, kwa hiyo kadi kadhaa zinaweza kuichangia. Hapo ndipo lspci ya Martin Mareš ilipowezekana.

Je, tatizo limeisha? Nusu tu. Kadi kutaja jina lake ni jambo moja, na mtengenezaji kueleza inavyoendeshwa ni jambo lingine. Wi-Fi ikigoma kwenye Linux leo, mara nyingi kadi imeonekana vizuri, ila programu ya kuiendesha haipo au haijakamilika. Kwa hiyo usianze kwa kusakinisha mfumo upya. Andika lspci -nnk. Ukikuta kadi yako haina mstari wa "Kernel driver in use", chukua zile namba za kwenye mabano ukazitafute mtandaoni. Na kabla ya kununua kadi nyingine, muulize muuzaji namba zake. Jina lililoandikwa kwenye boksi halitoshi.