Gome Chungu la Amani

Mwaka 1998, nikiwa nasubiri nafasi ya chuo, kanisa letu la Taveta lilinipeleka kujitolea kwa miezi mitatu katika hospitali moja ya mkoani Tanga. Kuiita safari hiyo ya ng'ambo huenda kukamchekesha msomaji, maana kutoka kwetu hadi mpaka wa Tanzania ni mwendo wa miguu, na siku ya soko huwezi kujua nani Mkenya nani Mtanzania mpaka atoe fedha mfukoni. Hata hivyo nilipigiwa mhuri mpakani, na siku ya kwanza wodini manesi walikicheka Kiswahili changu hadi wakafuta machozi. Nikajua nimefika ugenini.

Sikuwa na ujuzi wowote wa tiba. Niliwekwa wodi ya watoto kuchota maji, kutandika vitanda, kuandika joto la mwili kwenye kadi, na usiku kuangalia dripu zisije zikaisha watu wamelala. Wengi wa watoto wale walikuwa na malaria. Klorokwini ndiyo iliyokuwa bado dawa ya kwanza nchini, lakini vimelea vilikuwa vimekwisha kuizoea, na Tanzania iliiacha mwaka 2001. Aliyeletwa amezimia au ana degedege alitundikiwa kwinini, ikashuka polepole ndani ya maji ya sukari, kwa sababu dawa hiyo hushusha sukari ya damu. Akina mama wengine walichelewa kufika. Walikuwa wamepita kwanza kwa mganga, kwani huko wapo wanaoamini kwamba degedege ni kazi ya pepo mwenye umbo la ndege, na kwamba mtoto mwenye nalo akichomwa sindano hufa. Nilikuwa kijana, nikawaona wajinga. Sikufikiri kwamba mtu aliyeona watoto watatu wakichomwa sindano na wote watatu wakafa ana sababu yake ya kuiogopa.

Ijumaa moja nesi ambaye kwao ni Amani alipata mapumziko ya siku mbili, akaniambia, "Twende ukaone milima yetu, mdogo wangu, usije ukarudi Kenya ukasema Tanga ni mkonge tu." Nilisitasita. Kitanda cha dirishani alilala mtoto wa miaka minne wa mama mmoja wa Kibondei, na tangu jana yake hakuwa amemtambua mtu. Nilipomuaga mama yake alinitazama kitambo, akasema, "Nenda mwanangu. Utamkuta." Alilisema neno hilo kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa.

Basi lilikuwa moja tu kwa siku, linapanda alasiri na kushuka alfajiri. Baada ya mashamba barabara inaingia msituni, na hapo Sigi tuliona nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani, ingawa reli yenyewe ilikwisha kung'olewa zamani. Kisha kona juu ya kona, na baridi ambayo sikuitarajia Tanga.

Wajerumani walianzisha taasisi yao ya kilimo na baiolojia pale Amani mwaka 1902. Walikusanya mimea kutoka pande zote za dunia ili waone ni ipi itakayoliletea koloni fedha: kahawa, mpira, kafuri, na pamoja nayo mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikuwa wameitenga dawa kutoka gome la mti huo mwaka 1820, na baadaye Waholanzi wakaipanda Java kwa wingi hata biashara ya kwinini ikawa mikononi mwao. Bila dawa hiyo sijui Mzungu angekaa muda gani katika nchi hizi.

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na shehena za Ulaya zikakatika. Hapo miti ya Amani ikapata kazi. Magome yalivunwa, kwinini ikatengenezwa papo hapo, ikapelekwa kwa majeshi ya von Lettow-Vorbeck. Waingereza waliiteka Amani mwaka 1916. Baadaye, porini, majeshi hayo yalichemsha magome na kunywa maji yake, ambayo Wajerumani waliyaita kwa mzaha pombe kali ya Lettow.

Mimi nilikulia karibu na Kilima cha Salaita, ambako Februari 1916 Wajerumani waliwarudisha nyuma Waingereza na wenzao wa Afrika ya Kusini. Taveta tunayo makaburi ya askari wa vita hivyo, yamepangwa safi, kila jiwe na jina lake. Makaburi ya wapagazi sikuyaona. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, zaidi ya wapagazi 40,000 wa upande wao walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao. Kwinini, kama blanketi na kama chakula, iliwafikia mwisho, ikiwa iliwafikia.

Jumamosi asubuhi mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi maabara, alitutembeza. Alituonyesha mkwinini, mti usio na fahari yoyote. Ungeupita bila kugeuka. Aliokota kipande cha gome kilichokwisha kuanguka, akanipa nitafune. Uchungu wake uliniganda ulimini hadi jioni.

"Wewe watoka wapi, mwanangu?"

"Taveta."

Alisimama. "Taveta! Nyinyi tuliwapima damu."

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Amani ilikuwa imegeuzwa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki, chini ya Dk. Bagster Wilson. Mwaka 1954 wakaanza mpango wa Pare na Taveta, wakapulizia nyumba zetu dawa ya dieldrini. Mama yangu aliwakumbuka vizuri: watu wenye mabomba mgongoni, vyombo vyote vimetolewa nje, kunguni wamekufa, kisha paka nao wakafa. Malaria ilishuka sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Mwaka 1959 upuliziaji ukakoma, kwa kuwa ulikuwa jaribio na muda wake ulikwisha. Wataalamu walirudi miaka ya 1960, safari hii kupima malaria inavyopanda tena. Mzee alinieleza hayo kwa fahari ya mtu aliyeifanya kazi yake sawasawa, na nilimheshimu kwa hilo. Lakini kaka yangu mkubwa, ambaye sikumwona, alizikwa mwaka 1965 kwa homa. Nilipomsimulia mama baadaye aliuliza swali moja tu: "Kumbe walikaa hapo tu, karibu hivyo?"

Kwinini yenyewe ilipata mshindani kutoka China, ambako mwaka 1972 kundi la Tu Youyou lilitenga dawa kutoka mmea wa pakanga. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo wa mkoa huo wa Tanga. Waliotibiwa kwa sindano ya artesuneti walikufa asilimia 8.5, waliopewa kwinini asilimia 10.9. Watoto wawili zaidi wanaopona katika kila mia. Kwa aliyelala wodini kwetu, idadi hiyo si ndogo.

Lakini Jumapili ile ya 1998 tulikuwa na kwinini tu. Basi lilitushusha saa tatu asubuhi. Niliingia wodini na begi langu begani, nikatazama dirishani kabla ya kumsalimu mtu yeyote. Mtoto alikuwa ameketi, amekunja uso, viganja vimeziba masikio.

"Anasema ana nyuki kichwani," mama yake alisema. Nesi wa zamu alimwambia ni dawa tu, itapita. Nilimpa mama kile kipande cha gome. Alikinusa, akakiuma, akatema kwenye pindo la khanga.

"Hii ndiyo mnayomtilia mwanangu?"

"Ndiyo hii, mama."

Akakifunga penye fundo la khanga, pamoja na nauli yake.